UZI: Nimebadilisha mwenyewe paa la kitambaa la Escudo, Jambiani (ndefu, mwenye haraka aje usiku)

mjomba_wa_Jambiani aliandika:

Assalaam alaykum, wana jukwaa. Kwenye ule uzi wa mafundi wa viti niliahidi kwamba nikimaliza paa la Escudo yangu nitakuja kueleza lilivyokwenda. Nimemaliza, na mvua za mwanzo za masika zishaipiga gari mara mbili, kwa hivyo sasa nasema kitu nilichokiona.

Gari ni Escudo fupi ya kizazi kile cha kwanza kilichotoka Suzuki mwaka 1988, injini 1.6, ya paa la kukunja. Ndizo hizi zinazokodishwa wageni huku pwani ya mashariki. Ukitafuta picha au vipimo mtandaoni, tafuta pia Vitara na Sidekick. Gari ni moja: Ulaya wameiuza kwa jina la Vitara, Marekani kwa jina la Sidekick.

Paa lake ni vipande viwili. Cha mbele kinafunika viti vya dereva na abiria, kinabanwa juu ya kioo cha mbele. Cha nyuma ni kama hema dogo, kina madirisha ya nailoni, yaani plastiki laini ya kuonea nje, yenye zipu, na ukingo wake wa chini umeshonewa mkanda mgumu wa plastiki unaoingia kwenye mfereji mwembamba wa bodi. Naomba huo mkanda mushike akilini, maana habari yote iko hapo. Kitambaa kinashikwa kwa kunaswa na kuvutwa. Gundi haina kazi kubwa.

Miaka minne nyuma kitambaa cha asili kilipochoka, nilipeleka gari kwa fundi mmoja mjini. Alichana kila kitu, mkanda akautupa, akakata turubai la lori, akalipiga ribiti za alumini moja kwa moja kwenye bodi na kuzungushia gundi ya viatu. Mwezi mmoja lilipendeza. Masika ya kwanza viti vya nyuma vililowa, ya pili sakafu ikaanza kunuka. Januari hii nililing'oa mwenyewe. Chini ya turubai bati limefura na kuachana tabaka tabaka kama chapati. Kila ribiti imezungukwa na unga mweupe, na ukiigusa kwa kucha inatoka yenyewe. Tundu alilolitoboa la milimita 4, sasa linapitisha kidole changu cha mwisho.

Sababu yake ni hii. Alumini na chuma vikikaa pamoja penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa kwanza. Ribiti inalegea, maji yanapata njia, na chuma kilichotobolewa bila kupakwa rangi kinaanza kutu kwa ndani, mahali ambapo huoni. Gundi nayo inayazuia maji yasitoke. Sisi tunaishi mita mia mbili kutoka baharini, upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka kwenye vyombo vya jikoni. Bodi ya gari haiwezi kuhimili jambo hilo.

Basi nikaanza upya. Tatizo la kwanza: kipimo sina, kitambaa cha asili kilishatupwa. Nikazunguka wiki mbili mpaka jamaa mmoja wa Paje akanipa cha kwake kilichochakaa, kilikuwa kimetiwa stoo na kimeota ukungu, lakini sura yake nzima, na mkanda wa plastiki umo ndani. Nilifurahi kama nimepewa gari nyingine.

Hapa ndipo pa kutuliza mkono. Msikichane kitambaa cha zamani. Kifumueni. Na kabla ya kufumua, chukueni chaki ya fundi au kalamu ya wino mzito mchore vistari vinavyokatiza mshono, kimoja kila sentimita 10, viguse vipande vyote viwili. Vikishaachana, vile vistari ndivyo vitakavyokuambia kipande hiki kilikutana na kile wapi. Bila ya hivyo, penye kona utakuwa unabahatisha. Kila kipande nilikiandika mshale wa mbele, herufi ya upande, na neno "nje" upande wa nje. Kufumua kwa wembe kumenichukua siku tatu, baada ya isha mpaka macho kukataa.

Vipande vikalazwa chini ya godoro siku mbili vinyooke, kisha nikavichora juu ya karatasi za mifuko ya saruji, zile za kati ambazo hazina vumbi. Jambo jengine: kitambaa cha zamani kimeshavutika, na upande wa jua umevutika zaidi. Nilichora upande wa kushoto tu, uliokuwa mzima, na wa kulia nikaupata kwa kugeuza karatasi. Kisha nikazibandika karatasi juu ya fremu ya mabomba ya paa kwa selotepu na kupunguza palipozidi. Kazi ya karatasi ni ya kuchosha, lakini karatasi ya saruji ni bure na kitambaa si bure.

Kitambaa nimeagiza Kariakoo ya Dar, ile turubai ya akriliki wanayofunikia boti na vivuli vya hoteli, mita 6, upana mita 1.5, rangi ya kaki. Uzi wa poliesta mnene. Uzi wa pamba msiutumie peke yake, unaoza. Wa nailoni jua linaumaliza. Zipu za plastiki zenye meno makubwa, maana za chuma huku zinaganda mwaka haujesha. Nailoni ya madirisha unene wa nusu milimita.

Nimeshona kwa cherehani ya miguu ya mama, Butterfly, Mungu amrehemu, sindano namba 18. Urefu wa mshono milimita 4. Ukishona mishono midogo midogo kwenye nailoni unaitoboa kama ukingo wa stempu na itachanika hapo hapo. Nailoni inang'ang'ania mguu wa cherehani, basi weka utepe wa karatasi nyembamba juu yake, shona pamoja, kisha uichane karatasi. Na musitie pini kwenye nailoni, tundu halifungi tena. Nimetumia vibanio vya nguo.

Bodi nimeikwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma cheupe, palipotoboka nikachomelewa viraka vidogo, rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, rangi ya gari juu, siku tatu ikauka. Ndiyo kisha nikafunga.

Kufunga ni saa saba mchana, jua likiwa juu. Nilikitandaza kitambaa juu ya boneti nusu saa kipate moto, nailoni ikalainika. Ukianza asubuhi na baridi ya umande utasema umekata kifupi. Anza na mkanda wa nyuma katikati, nenda kushoto kidogo, kulia kidogo, kona mwisho. Mwanangu alikuwa ndani anasukuma fremu juu, mie nje nasukuma mkanda kwenye mfereji kwa kijiti cha mbao kilicholainishwa. Bisibisi itakwangua rangi uliyoipaka jana. Kona ya mwisho ilinikatalia mara tatu. Ya nne ilipoingia ilitoa mlio kama mtu kavunja kijiti, na kitambaa chote kikakaza kama ngozi ya ngoma. Sijasahau sauti ile.

Baada ya hapo nimeliacha siku tano bila kulikunja, lizoee sura yake.

Karibuni kwa masuali.

---

Bi_Cherehani aliandika:

Waalaykum salaam, kaka. Mashallah, kazi nimeiona kwenye picha, na mistari imenyooka. Mie nashona hapa Mwanakwerekwe mwaka wa kumi na tisa huu, mapazia na vifuniko vya viti, na boti nimeshona mbili.

Nina mawili. Mshono wa juu ya paa naona umeulaza kuelekea mbele. Gari inakwenda mbele, upepo na mvua vinakuja kwa mbele, kwa hivyo pindo linakinga maji mdomoni. Ulazwe kuelekea nyuma, kama makuti yanavyopandana, la juu limfunike la chini, maji yapite yende zake. Huna haja ya kufumua sasa, lakini upake nta kwenye mshono huo.

La pili, akriliki inafumuka nyuzi ukingoni. Wakati wa kukata usitumie mkasi mtupu. Pasha kisu cha zamani kwenye jiko la mkaa, kata nacho, ukingo unayeyuka na kujifunga wenyewe. Fanya dirishani, moshi wake si mzuri kifuani.

Na mishono miwili sambamba watu wanaipenda kwa sababu inaonekana imara. Imara ndiyo, lakini matundu ya sindano yamezidi maradufu. Juu ya paa mie napinda mara mbili, kingo zote zikaingia ndani, na sindano napitisha nyuzi mbili palipokuwa pana kweli tu.

---

Kodisha_Paje aliandika:

Kaka hongera, lakini nisema ukweli wangu. Nina Escudo tatu na RAV4 moja ya paa la kitambaa. Msimu wa wageni gari haikai siku moja. Mgeni anafungua zipu kwa nguvu, anaacha paa wazi usiku, anatia mbao za mawimbi juu yake. Wiki tatu za karatasi za saruji mie sina. Turubai la lori linapatikana Darajani leo leo, bei yake nusu, na mvua haipiti. Kwa nini unalivunjia heshima?

---

mjomba_wa_Jambiani aliandika:

Kaka yangu wa Paje, turubai la lori sina ugomvi nalo. Maji kweli halipitishi hata tone. Ugomvi wangu ni ribiti na gundi. Ukilikata turubai hilo hilo kwa kipimo cha asili, ukashonea mkanda wa plastiki, likaingia kwenye mfereji, utapata paa la kufaa biashara yako. Kasoro zake utazijua: ni zito, zipu zinachoka mapema, na halipumui. Ukilifunga gari likiwa na unyevu ndani, asubuhi viti vina ukungu. Akriliki inapitisha hewa kidogo.

Na wiki tatu ni za kipimo cha kwanza. Karatasi zikishakuwepo, gari ya pili ni siku nne. Wewe mwenye tatu za aina moja ndiye khasa unayefaidika nazo.

Bi Cherehani, shukrani sana. La pindo sikulijua, na nimelitazama jioni hii, ni kweli mdomo umeangalia mbele. Nta nitapaka.

---

mwana_wa_fundi_tanga aliandika:

Nungwi hapa. Mzee wangu alikuwa anashona matanga ya majahazi, mie nilikuwa namshikia kitambaa tangu sijaanza skuli. Naona mumesahau pembe.

Tanga halichaniki katikati. Huchanika kwenye pembe, pale kamba inapovuta. Paa la gari ni vivyo hivyo: angalieni kitambaa chochote kilichochakaa, utaona kimekufa kwenye kona mbili za nyuma na pale kinapokunjika juu ya bomba la fremu. Mzee alikuwa anaweka viraka vitatu kwenye pembe, kikubwa chini, cha kati juu yake, kidogo juu kabisa, ili mvuto usambae pole pole. Ukiweka kiraka kimoja kinene, kitambaa kinachanika ukingoni mwa kiraka.

Penye unene huo cherehani ya nyumbani haipiti. Toboa kwanza kwa msharasi, halafu sindano ya tanga kwa mkono, uzi umeupitisha kwenye nta ya nyuki mara mbili. Nta inafanya uzi uteleze, ukae, na inaziba tundu. Zamani tanga lilikuwa la pamba, na pamba ikilowa inafura, inajiziba yenyewe. Hii akriliki haifuri, kwa hivyo nta si pambo.

Na pale kwenye bomba la fremu, shonea ngozi laini au kipande cha mkanda wa kiti cha gari kwa ndani. Jahazi linawekwa ngozi penye msuguano, sioni kwa nini gari isiwekwe.

---

Roadster_Chake aliandika:

Habari zenu, mie niko Chake Chake. Nina gari ambayo nadhani Pemba nzima iko yangu tu, Eunos Roadster ya mwaka 1993, ile Mazda ndogo ya watu wawili. Paa lake ni tofauti na Escudo lakini maradhi ni yale yale, basi nachangia kwa atakayekuja kuuliza.

Kwenye hii paa ni kipande kimoja, na nyuma limebanwa kwa vipande vitatu vya chuma na nati za spana namba 10, chini ya zulia la nyuma ya viti. Chini ya kitambaa kuna ukanda wa plastiki unaopokea maji na kuyapeleka kwenye mashimo mawili, kushoto na kulia, yanayoshuka mpaka chini ya gari. Hayo mashimo ndiyo yaliyonitesa. Nilibadilisha kitambaa, nikakaza kila nati, na bado maji. Nikifunga breki nasikia maji yanacheza nyuma yangu kama dafu lililotikiswa. Kumbe majani ya mwembe unaokitia kivuli kibanda changu yameziba shimo la kushoto, maji yanajaa na kumwagika ndani. Nilitumia mrija laini wa plastiki, nikaupenyeza pole pole kutoka juu, ikatoka tope nyeusi ya miaka. Musitumie waya, mrija wa ndani unaweza kutoboka na hapo mtihani mkubwa zaidi.

Jengine: dirisha la nyuma ni la nailoni na lina zipu. Lifunguliwe zipu kwanza, lilazwe, ndiyo paa likunjwe. Aliyekuwa nayo kabla yangu hakujua, dirisha likapata mkunjo mweupe katikati, na mkunjo ule hautoki.

Huku kwetu mvua ni nyingi kuliko Unguja, kwa hivyo mashimo nayasafisha kabla ya masika na kabla ya vuli. Mjomba, Escudo ina mashimo kama haya?

---

mjomba_wa_Jambiani aliandika:

Sheikh wa Chake, Escudo maji yanamwagika nje ya bodi moja kwa moja, ila sakafu ina vizibo vya raba unavyoweza kuvitoa gari ikiingia maji. Vyangu vilikuwa vimeganda kwa kutu. Nimeweka vipya.

Mwana wa fundi tanga, sikuweka viraka vitatu vya pembe. Nimeweka kimoja kila kona, kinene, yaani lile lile ulilokataza. Nitarudi.

---

kijana_wa_Amani aliandika:

Shikamoo mjomba. Nina Escudo ya marehemu babu, imekaa miaka miwili. Gharama jumla ni kiasi gani, na nailoni inasafishwa na nini? Nimeambiwa petroli.

---

mjomba_wa_Jambiani aliandika:

Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu babu. Mie vifaa vyote, kitambaa, nailoni, zipu, uzi na rangi, vimenitoka kama shilingi 240,000, bila kuchomelea. Kitambaa ndicho kilichokula zaidi ya nusu.

Petroli hapana, hapana. Wala spiriti, wala dawa ya vioo. Zinaifanya nailoni iwe ngumu na ya njano, na haitarudi. Maji baridi mengi kwanza kuondoa chumvi na mchanga, kisha sabuni laini na kitambaa cha pamba kisicho na zipu wala vifungo. Ukifuta kavu kavu, mchanga wa pwani unakwangua kama msasa. Na mavi ya kunguru yasilale juu ya paa, yaoshwe siku hiyo hiyo kabla ya jua kuyapika.

Gari ya babu kama kitambaa cha asili bado kipo, hata kimechanika vipande, usikubali mtu akitupe.

---

mjomba_wa_Jambiani aliandika:

Nimerudi kama nilivyoahidi. Jumaatatu mvua ilipiga kutoka alfajiri mpaka adhuhuri, ya upepo. Kona ya nyuma kushoto iliingiza maji, si mengi, kiganja kimoja.

Namna nilivyoitafuta: mwanangu ndani na tochi, mie nje na mpira wa maji. Nilianza kumwagia chini kabisa kwenye mfereji, dakika mbili, kisha nikapanda kidogo kidogo. Ukianza juu kila kitu kinalowa kwa mara moja na hujui njia ni ipi. Kwenye mfereji, kavu. Kwenye mshono wa dirisha, kavu. Nilipofika mwisho wa zipu akaniita. Zipu yenyewe haikuwa na ubaya, ila pale inapoishia niliacha uwazi wa upana wa ukucha kati ya meno ya mwisho na kona, na kile kiraka changu kinene kilikuwa kinaunyanyua. Kingo za kiraka zimeshaanza kuvuta nyuzi, wiki sita tu.

Nimekitoa. Nimeweka vitatu kama mzee wa Nungwi, mwembamba juu ya mwembamba, kwa msharasi na uzi wa nta, na juu ya mwisho wa zipu nikashonea ulimi wa kitambaa unaoelekea nyuma, kama alivyosema Bi Cherehani. Mshono wa juu nimeupaka nta na kuupitishia pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa cha kanga ili inywe. Jana mvua tena. Nimepitisha mkono wote kona ile, nikaunusa na kuugusa shavuni. Mkavu.

---

Kodisha_Paje aliandika:

Basi nimekubali kwa moja. Naomba kipimo. Mkanda wa plastiki naupata wapi?

---

mjomba_wa_Jambiani aliandika:

Mkanda uliomo kwenye kitambaa cha zamani ukiwa mzima utoe uuoshe, ndio bora. Ukivunjika, kata kwenye dumu gumu la mafuta ya kula la lita 20, ule upande ulionyooka, upana uleule wa asili, ncha uzilainishe kwa msasa zisikate uzi. Nimejaza pengo la sentimita 30 kwa njia hiyo na limeshika.

Karatasi ziko kwangu, nimezikunja kwa kuviringisha ndani ya bomba la plastiki zisipate unyevu. Pita siku yoyote baada ya alasiri. Ukishazichora zako, mpe kijana wa Amani, na yeye azirudishe. Alama ya "nje" nimeiandika kwa wino mwekundu. Kipande cha kona ya kushoto kina karatasi mbili: iliyokatwa msalaba ndiyo ya zamani, usiifuate.